Benki Zikifungwa, Kripto Haifungui Mlango: Majibu kwa Madai Sita

Benki zikiyumba katika nchi yoyote, hazipiti siku mbili kabla hoja ileile haijasikika: laiti watu hawa wangeweka fedha zao kwenye kripto, yasingewakuta. Hoja hii husambaa kwa kasi kwa sababu hasira iliyo nyuma yake ni ya haki. Mtu amefanya kazi miaka thelathini, amejinyima, ameweka akiba, kisha asubuhi moja karani wa benki anamwambia kwamba fedha zake zipo kwenye vitabu lakini haziwezi kutoka. Akiambiwa kwamba ipo fedha isiyo na karani, isiyo na gavana wala kufuli, mtu huyo atasikiliza, na mimi simlaumu.

Hata hivyo, hasira ya haki nayo huweza kumpeleka mtu pabaya. Ukiyatazama kwa makini madai ya wanaoinadi kripto kama mkombozi wa wenye akiba, karibu yote yanakwepa swali moja: fedha inaingiaje huko, na ikishaingia, inatokaje ikawa mkate, dawa na kodi ya nyumba? Nitayajibu madai hayo moja baada ya jingine, na mfano wangu mkuu utakuwa Lebanon.

Nimeichagua Lebanon kwa sababu kama kuna nchi ambayo kripto ilipaswa kutimiza ahadi zake, basi ni hiyo. Maandamano makubwa yalianza tarehe 17 Oktoba 2019. Benki zikafunga milango kwa wiki mbili, na zilipofungua tena Novemba, zilijiwekea mipaka ya kutoa fedha bila sheria yoyote ya bunge. Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa hatifungani ya dola bilioni 1.2. Pauni ya Lebanon, iliyokuwa imefungwa kwenye kiwango cha pauni 1,507.5 kwa dola tangu 1997, iliporomoka hadi dola moja ikapita pauni 100,000 mtaani mwezi Machi 2023. Pengo katika mfumo wa fedha lilizidi dola bilioni 70. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilisema huenda mgogoro huo ni miongoni mwa mitatu mibaya kuliko yote duniani tangu katikati ya karne ya 19.

Lebanon si ngeni kwetu pia. Dada na mama zetu wengi wa Afrika Mashariki wamefanya kazi za ndani Beirut. Waajiri walipoishiwa dola, wengi wao hawakulipwa, na mwanzoni mwa 2022 wanawake wa Kenya walipiga kambi nje ya ofisi ya ubalozi mdogo wa nchi yao jijini humo wakidai kurudishwa nyumbani. Habari za benki za Beirut, kwa hiyo, ziliingia moja kwa moja katika nyumba za huku zilizokuwa zikingoja ada na fedha za matumizi.

Dai la kwanza: "Mwenye akiba angenunua kripto, angeokoka."

Angenunua kwa fedha ipi? Hapo ndipo hoja nzima inapokwama.

Tazama jinsi biashara yenyewe ilivyofanyika Beirut. Mnunuzi alimtafuta muuzaji kwenye makundi ya Telegram au WhatsApp. Wakakubaliana kamisheni. Wakakutana dukani au mkahawani. Mnunuzi akahesabu dola za karatasi juu ya meza. Muuzaji akatuma sarafu kwa simu. Wote wawili wakasubiri muamala uthibitishwe, kisha kila mtu akaenda zake. Sharti la biashara hiyo lilikuwa dola za karatasi mkononi. Muuzaji hakuwa na haja ya dola iliyonaswa benki, kwa kuwa yeye pia asingeweza kuitoa.

Wengi hawakuwa na dola za karatasi. Walikuwa na ile ambayo Walebanon waliiita "lolari", yaani dola inayosomeka kwenye akaunti lakini haitoki kama dola. Novemba 2021 benki ziliwalipa wateja dola hiyo kwa pauni 3,900, ilhali mtaani dola ilikuwa imeshapita pauni 20,000. Mwenye haraka alikuwa na njia nyingine: kuandikiwa hundi ya benki na kuiuza kwa dalali. Mwanzoni mwa 2023, hundi ya dola 100 iliuzwa kwa chini ya dola 20 taslimu. Sasa fikiria mwalimu mstaafu mwenye dola 50,000 kwenye akaunti. Ili afike kwa yule muuzaji wa kripto, anapaswa kwanza kukubali kupoteza zaidi ya dola 40,000. Kripto haikumwokoa na hasara hiyo, maana alishakatwa kabla hajaifikia.

Septemba 2022, mwanamke mmoja aliingia katika tawi la benki jijini Beirut akiwa na bastola ya kuchezea watoto, akadai akiba ya familia yake. Alitoka na takriban dola 13,000 za kumtibu dada yake aliyekuwa na saratani. Nchi nzima ilimwelewa, na wengine wakafuata nyayo zake. Hakuna programu ya simu ambayo ingemfanyia kazi ile, kwa sababu tatizo lake halikuwa kukosa mahali pa kupeleka fedha. Tatizo lilikuwa kuzitoa zilipo.

Watetezi hujibu: alipaswa kununua kabla ya mgogoro. Sawa. Lakini mtu aliyeona mapema, tuseme mwaka 2018, kwamba benki zitaanguka, alikuwa na njia nyingi: kuhamishia fedha benki ya nje, kununua dhahabu, au kutoa dola zake na kuzifungia kabatini. Kilichomwokoa mtu wa namna hiyo ni kuona mapema. Wengi hawakuona, na si kwa ujinga wao. Gavana wa benki kuu, Riad Salamé, aliyeshika kiti hicho tangu 1993, aliwahakikishia kwamba pauni iko imara. Benki zikawavutia kwa riba nono, kisha sehemu kubwa ya dola zao zikawekwa benki kuu na kukopeshwa serikali iliyokuwa imejaa madeni. Walidanganywa na waliopewa dhamana ya kusema ukweli. Kumwambia aliyedanganywa kwamba angenunua bitcoin ni kumbebesha yeye kosa la mwingine.

Dai la pili: "Saiprasi ilishathibitisha hili mwaka 2013."

Hiki ndicho kisa kilichozaa imani yote hii, kwa hiyo tukikague. Tarehe 16 Machi 2013 ilitangazwa kwamba, ili Saiprasi ipewe mkopo wa euro bilioni 10, kila mwenye amana angekatwa: asilimia 6.75 kwa amana za chini ya euro 100,000, na asilimia 9.9 kwa zilizozidi hapo. Watu walipigwa na butwaa. Tarehe 19 Machi bunge likakataa, bila hata mbunge mmoja kupiga kura ya ndiyo. Benki zilibaki zimefungwa hadi tarehe 28 Machi. Katika kipindi hicho bei ya bitcoin ilipanda kutoka kama dola 47 hadi dola 266 tarehe 10 Aprili. Hapo ndipo simulizi ilipozaliwa: Wasaiprasi wanakimbilia bitcoin!

Ila jiulize, wangeinunua kwa fedha ipi? Wateja wa Laiki, benki ya pili kwa ukubwa, waliwekewa kikomo cha kutoa euro 260 kwa siku kwenye mashine, kisha euro 100. Benki zilipofunguliwa, kikomo kikawa euro 300. Mtu anayepata euro 100 kwa siku hununua chakula, dawa na petroli. Fedha za kununulia bitcoin kwa wingi zilitoka kwa watu waliokuwa na benki zinazofanya kazi, nje ya kisiwa hicho, waliosoma habari za Saiprasi na kubashiri kwamba bei itapanda. Tabu ya Wasaiprasi iligeuzwa kuwa tangazo la biashara ya watu wengine.

Na mnunuzi je? Aliyenunua siku ya kilele, tarehe 10 Aprili, alipoteza zaidi ya nusu ya fedha zake ndani ya wiki moja. Linganisha na adhabu kali kuliko zote iliyowapata wateja wa Bank of Cyprus: asilimia 47.5 ya kiasi kilichozidi euro 100,000 iligeuzwa kuwa hisa. Ni kweli kwamba baadaye mwaka huohuo bitcoin ilipita dola 1,000, na aliyevumilia alipata faida kubwa. Lakini mwenye kudaiwa kodi ya nyumba mwezi Aprili hawezi kumwambia mwenye nyumba asubiri mpaka Novemba. Akiba ya dharura hupimwa siku ya dharura yenyewe.

Dai la tatu: "Kripto haina mkubwa, hakuna wa kuizuia."

Kuhusu bitcoin kama mtandao, dai hili lina ukweli. Hakuna ofisi moja ambayo mtu akiizima, bitcoin inazimika. Ila sarafu iliyoshika soko la Beirut ilikuwa USDT, inayotolewa na kampuni iitwayo Tether, na sababu inaeleweka: mtu aliyechoshwa na pauni inayoporomoka hataki tena sarafu inayopanda na kushuka kwa asilimia 20 kwa juma. Anataka dola. USDT inaahidi kuwa sawa na dola moja, kwa kuwa kampuni inasema ina akiba ya kutosha kuifidia.

Basi tumerudi palepale. Kuna kampuni, kuna ahadi, na kuna akiba usiyoiona. Kampuni hiyo ina uwezo wa kufungia anwani yoyote, na imefanya hivyo mara nyingi kwa ombi la vyombo vya dola. Kuhusu akiba, Oktoba 2021 tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa iliitoza Tether faini ya dola milioni 41 kwa kupotosha umma. Tume ilikagua kipindi cha miezi 26 kati ya 2016 na 2018, ikakuta kwamba akiba ya kutosha ya fedha taslimu ilikuwapo kwa asilimia 27.6 tu ya siku hizo. Aliyemkimbia Salamé kwa sababu alisema fedha zipo wakati hazipo, anapaswa kulisoma shauri hilo kwa utulivu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Machi 2023. Silicon Valley Bank ya Marekani ilianguka. Kampuni ya Circle, inayotoa sarafu ya USDC, nayo yenye ahadi ya dola moja kwa moja, ilikuwa imeweka dola bilioni 3.3 kati ya akiba yake ya takriban dola bilioni 40 kwenye benki hiyohiyo. Habari zilipotoka, USDC ikaanguka hadi chini ya senti 88. Iliokolewa na nini? Iliokolewa na tangazo la serikali ya Marekani, tarehe 12 Machi, kwamba wateja wote wa benki ile wangelipwa amana zao zote. Yaani sarafu inayosifiwa kuwa kimbilio la wanaokimbia benki ilisimama tena kwa sababu serikali ilidhamini amana za benki.

Nayo TerraUSD, iliyoahidi dola moja bila hata kuwa na akiba ya dola, ilisambaratika Mei 2022, na mali ya takriban dola bilioni 40 ikayeyuka kwa siku chache pamoja na sarafu pacha yake. Wengi waliokuwa ndani walidhani wameweka akiba mahali salama. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Dai la nne: "Bila benki, hakuna wa kukuibia."

Weka visa viwili kando kwa kando. Benki ya Laiki ilivunjwa mwaka 2013. Wateja wake wenye amana zisizozidi euro 100,000 walihamishiwa Bank of Cyprus, na hawakupoteza hata senti. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Februari 2014, Mt. Gox ya Tokyo, soko lililokuwa kubwa kuliko yote duniani kwa kununua na kuuza bitcoin, ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba bitcoin 850,000 zimepotea. Wateja wake walianza kurudishiwa sehemu ya mali yao Julai 2024. Hiyo ni miaka kumi ya kungoja, bila bima, kwa kutegemea mufilisi na korti.

Saiprasi yenyewe ililipata somo hilo nyumbani. Kampuni ya Neo & Bee ilifungua ofisi Nicosia Februari 2014 ikijinadi kwa watu walioumizwa na benki, na kuwaahidi huduma mithili ya za benki kwa bitcoin. Haikumaliza miezi miwili. Mkurugenzi wake aliondoka nchini, na polisi wakatoa hati ya kumkamata kufuatia malalamiko ya wateja. Walioungua mara moja kwenye benki waliuziwa kimbilio, nalo likafungwa kabla hata benki zenyewe hazijaondolewa vikwazo vyote.

Miaka ikapita, na mambo yaleyale yakajirudia kwa ukubwa zaidi. Juni 2022, kampuni ya Celsius iliwatangazia wateja kwamba imesimamisha utoaji wote wa fedha, maneno yaleyale ambayo wateja wa Beirut waliyasikia kwenye kaunta. Novemba 2022 ikafuata FTX, na Machi 2024 mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa kutumia fedha za wateja.

Najua jibu litakalokuja: mwenye busara huhifadhi funguo zake mwenyewe, haziachi kwa kampuni. Ni kweli kwamba hilo linaondoa hatari ya kampuni kufilisika. Linaleta nyingine. Maneno ya siri ya funguo hizo yakipotea, fedha zimepotea. Mtu akifa bila kumwachia mwanawe maneno hayo, urithi umekwenda naye kaburini. Ukituma kwenye anwani isiyo sahihi, hakuna wa kumpigia simu. Ukitekwa na kulazimishwa kutuma, hakuna wa kurudisha muamala. Mtaalamu wa kompyuta anaweza kubeba mzigo huo. Kumshauri bibi wa miaka sabini abebe peke yake, huku tukimwambia kwamba tumemkomboa, si haki.

Dai la tano: "Ni fedha ya kila mtu, mradi ana simu."

Tarehe 9 Oktoba 2021, gridi ya taifa ya Lebanon ilizimika yote, baada ya mitambo miwili mikubwa, Deir Ammar na Zahrani, kuishiwa mafuta. Hata kabla ya hapo, umeme wa shirika la taifa ulikuwa umepungua hadi saa moja au mbili kwa siku katika maeneo mengi. Familia zililipia jenereta za mtaani, na asiye na uwezo alikaa gizani. Mgogoro wa benki hauji peke yake. Huja na uhaba wa mafuta, umeme na mtandao, yaani vitu vilevile ambavyo kripto haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Na huku hayo yakiendelea, wachimbaji wa kripto, wanaozalisha sarafu hizo kwa kompyuta zinazokula umeme mwingi, waliweka mashine zao katika maeneo yenye umeme nafuu wa maji wa mto Litani, hadi polisi wakafanya msako Jezzine Januari 2022 na kukamata mashine. Umeme huo huo ulikuwa ukingojwa na majumba na visima vya maji.

Lakini tatizo kubwa zaidi si umeme. Ni kipato. Askari wa kawaida wa jeshi la Lebanon, aliyekuwa akilipwa thamani ya dola 800 hivi kwa mwezi, alijikuta mshahara wake una thamani ya chini ya dola 100. Alihitaji mshahara, mahali pa kuhifadhia hapakumsaidia kitu, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuhifadhi. Mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya aliyelipwa kwa pauni, au asiyelipwa kabisa, naye hakuwa na cha kuweka kwenye pochi ya kidijitali. Wanaosema kripto ni ya kila mtu wanawafikiria watu waliokwisha kuwa na ziada.

Kwa wengi, kilicholisha nyumba ni dola za karatasi: zilizotumwa na ndugu walioko Ghuba, Ulaya, Afrika Magharibi na Marekani, na kuchukuliwa kwenye ofisi za kutuma fedha. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2022 uchumi wa Lebanon uliokuwa ukienda kwa dola taslimu ulifikia dola bilioni 9.9, sawa na asilimia 45.7 ya pato la taifa. Lebanon ilipohama benki, ilihamia kwenye noti. Kripto ilikuwa kijito kando ya mto huo.

Kijito hicho kiliwafaa watu fulani, na haki inanitaka niseme hivyo. Kijana wa Beirut anayetengeneza programu kwa mteja wa Ujerumani, ambaye benki ya kwao ingeyazuia malipo yake, aliweza kulipwa kwa USDT na kuibadilisha kuwa dola siku hiyohiyo. Ndugu aliyeko mbali aliweza kutuma bila kupitia benki iliyovunjika. Hiyo ni faida ya kweli. Ila angalia ni faida ya nini: fedha mpya, iliyopatikana nje, ikapita haraka mikononi mwa watu hadi ikawa noti. Njia ya kupitisha fedha ni kitu kimoja na ghala la kuhifadhia akiba ya taifa ni kitu kingine, na anayetumia mafanikio ya hicho cha kwanza kuuza cha pili anawapotosha watu.

Dai la sita: "Kuhamia kripto ndiyo adhabu yao wezi."

Dai hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu linageuza kuondoka kuwa ushujaa. Wanasema: msibishane na benki, msiende mahakamani, msiandamane, ondoeni fedha zenu tu, na mfumo utakufa wenyewe.

Kwanza, anayeweza kuondoka ni yule mwenye fedha nje ya mtego. Akiondoka yeye, anabaki mstaafu, mjane na mwalimu, wakiwa wachache zaidi na wanyonge zaidi mbele ya benki. Pili, benki haziadhibiwi kwa kusahauliwa. Deni lisilodaiwa ndilo zinaloliombea. Kila mwenye amana aliyekata tamaa na kuuza hundi yake kwa dola 15 badala ya 100 aliipunguzia benki mzigo.

Palipopatikana chochote, kilipatikana kwa kudai. Februari 2022, Mahakama Kuu ya London iliziamuru benki mbili za Lebanon kumlipa mteja mmoja dola milioni 4, naye akalipwa. Shinikizo la umma na la wakopeshaji lilifanya sheria ya siri za benki, iliyokuwapo tangu 1956, irekebishwe Oktoba 2022 na tena Aprili 2025, ili wakaguzi waone nani alihamisha nini na lini. Septemba 2024 Salamé alikamatwa na kufunguliwa mashtaka ya ubadhirifu, ambayo anayakana. Julai 2025 bunge likapitisha sheria ya kurekebisha mfumo wa benki. Yote haya yamechelewa mno, na wenye akiba bado hawajatendewa haki. Lakini hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyotokana na watu kununua sarafu. Zilitokana na wenye amana kuungana, mawakili, waandishi wa habari na waandamanaji waliokataa kunyamaza.

Sisi tufanye nini?

Kenya tunayo kumbukumbu ya karibu. Ndani ya miezi minane, kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu ziliwekwa chini ya mrasimu: Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank. Wakati huo bima ya amana ililipa shilingi 100,000 tu kwa kila mteja. Chase ilifunguliwa tena baada ya wiki tatu, chini ya usimamizi wa benki nyingine, na wateja wakaruhusiwa kutoa hadi shilingi milioni 1. Wateja wa Imperial walisubiri miaka. Tofauti kati ya wiki tatu na miaka ilitokana na jinsi mamlaka zilivyochukua hatua, na jinsi vitabu vya kila benki vilivyokutwa. Mwaka 2020 bima hiyo ilipandishwa hadi shilingi 500,000. Hayo ndiyo mabadiliko yanayomlinda muuza duka na chama cha akina mama siku mbaya ikifika, na yanamlinda hata kama hana simu janja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Uliza bima ya amana ya nchi yako inalipa hadi kiasi gani, na usiweke benki moja zaidi ya kiasi hicho kama una uwezo wa kugawanya. Benki ikikupa riba inayozidi sana za wenzake, uliza inaipata wapi. Walebanon wengi hawakuuliza, na hawakuwa na wa kuwajibu kwa ukweli. Weka kiasi fulani cha fedha taslimu cha kuendesha nyumba kwa wiki mbili, kwa kuwa benki za Beirut na Nicosia zote zilifungwa kwa muda wa karibu wiki mbili. Ukitaka kununua kripto, nunua kwa fedha unayoweza kuipoteza, ukijua kwamba ni biashara ya kubahatisha bei.

Na tuwadai wanaotuongoza. Benki kuu ichapishe hali ya kila benki kwa lugha ambayo mwenye akiba ataielewa. Wakurugenzi wanaojikopesha amana za wateja washtakiwe mapema, kabla benki haijafungwa. Bima ya amana ipande kadiri bei za vitu zinavyopanda. Madai haya hayana mvuto wa sarafu mpya, na hakuna anayetajirika kwa kuyatangaza. Lakini pale Saiprasi, ni sheria ya namna hii iliyomrudishia mwenye euro 20,000 za Laiki euro 20,000 zake, na pale Lebanon ni kukosekana kwake kulikomfanya raia aende benki na bastola ya kuchezea. Anayetuambia tuache kupigania sheria hiyo, tununue sarafu yake badala yake, anatuomba tuitupe silaha pekee iliyowahi kuwalinda watu wa kawaida.